Hapana ya Tatu

Mchungaji wetu ni mtu mwema, na leo nitamwombea kama ninavyomwombea kila siku. Lakini kwanza niseme yaliyonijaa kifuani. Nikimwombea nikiwa nimeyameza haya nitakuwa ninamdanganya Mungu, na huyo huyo Mchungaji ndiye anayetuhubiria kwamba Mungu hadanganyiki.

Anaitwa Dominic Salerno. Alitujia kutoka New Jersey mwaka jana wakati wa mavuno ya mahindi, kijana mwenye ndevu fupi na viatu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya matope. Sisi wa Kanisa la Bethania, hapa Vesterdal, magharibi ya Minnesota, tulimpokea vizuri. Jumapili ya kwanza tulimkaribisha mezani, na alipoulizwa kama angependa kuongezewa nyama alijibu, mara ile ile ya kwanza, kwamba angependa sana, asante, na viazi pia. Wazee wakatazamana. Tukasema moyoni kwamba ni mgeni, atajifunza. Hakujifunza, na ndipo yakatufika ya kutufika.

Kwetu mtu akikukaribisha kahawa unasema hapana, usijisumbue. Akikukaribisha tena unasema labda, kama imeshachemka. Akikukaribisha mara ya tatu unasema haya, nusu kikombe tu, na hapo unakunywa mpaka birika linakauka. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayeacha kuuliza kabla ya mara ya tatu ni mchoyo, au hakutaki nyumbani kwake. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha, tumezaliwa tukayakuta, na yanatufaa. Mwenye nyumba anapata nafasi ya kuonyesha kwamba anakutaka kweli, na wewe unapata nafasi ya kusikia kwamba unatakiwa. Watu wa nje wanaona tunapotezeana muda. Waone hivyo hivyo.

Sasa Verna. Verna ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Harlan, na tangu alipokuwa bibi harusi ndiye anayepika kifungua kinywa cha Pasaka. Tukishamaliza ibada ya alfajiri kule makaburini tunashuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, vidole vimekufa ganzi, na kabla hujafika ngazi ya mwisho inakupokea harufu ya iliki. Wazee wetu waliotoka Norwei walikuja na iliki yao, na mkate wa Pasaka bila iliki kwetu ni mkate wa siku za kazi. Verna anausuka kwa misongo mitatu kama nywele za msichana. Halafu kuna mayai ya kuoka: vipande vya mkate, nyama ya nguruwe, jibini, mayai na maziwa, vinalala pamoja usiku kucha, asubuhi vinaingia oveni vinatoka vimeumuka. Sisi wengine tunamsaidia kumenya na kuosha, lakini jiko siku hiyo ni la Verna, na hata mke wa mchungaji aliyepita alikuwa anapiga hodi kabla ya kuingia.

Harlan alifariki Novemba, siku chache kabla ardhi haijaganda. Alianguka bandani, akiwa ameshika ndoo. Tangu hapo Verna aliacha kupika. Mimi ninakaa shamba la jirani na ninapita kwake kila mara, kwa hiyo sisemi la kuambiwa. Sufuria zote zilikuwa kavu. Alikuwa anakula mkate mkavu amesimama mbele ya sinki, anaangalia bandani. Nikimpelekea mchuzi ninaukuta kesho yake kwenye friji, haujaguswa, na akiniona anasema ulikuwa mtamu sana. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kumkasirikia, na mimi si mtu wa kushindwa kukasirika.

Mwezi wa pili, theluji bado iko magotini, nikamkuta anatwanga iliki. Kidogo tu, ya kujaribu. Akaniambia ya mwaka jana imepoteza nguvu, ataagiza mpya kwa ajili ya Pasaka. Nilisimama pale mlangoni na viatu vyangu vya theluji nikamshukuru Mungu bila kutikisa midomo. Nilijua akifika Pasaka, akalishika jiko lile, akachafuka unga mpaka kwenye nyusi, atakuwa amevuka. Na akilikosa, basi sijui. Mwanamke aliyezoea kulisha watu akikosa wa kumlisha anaanza kusahau kujilisha mwenyewe.

Basi ikaja Jumapili moja ya Kwaresima. Watu wameshakunywa kahawa, mimi ninakausha vikombe, Verna anafuta meza. Mchungaji Dominic akaja na kalenda yake.

"Mama Verna," alisema, "mwaka huu umepitia mengi. Utapenda kupika Pasaka, au tukupumzishe?"

Verna akaendelea kufuta pale pale palipokwisha kung'aa. "Aa, hapana, Mchungaji. Mimi si wa lazima. Wapo vijana."

Mtoto yeyote wa Vesterdal angejua la kusema hapo. Angesema vijana gani hao, mama, wanaojua kuchemsha maji tu. Verna angesema ah, mayai si kazi, mtu yeyote anaweza. Mtoto angesema bila mkate wako si Pasaka. Na Verna angekunja kitambaa chake vizuri na kusema haya, kama mmekwama kabisa. Dakika moja, mambo yamekwisha.

"Nimekuelewa," alisema Mchungaji. "Asante sana kwa kuniambia wazi."

Akampiga begani kwa upole, akaandika kitu kwenye kalenda, akaondoka. Verna alibaki na kitambaa mkononi. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, na nusura nimpige nacho kisogoni. Kuniambia wazi! Toka lini mtu wa Vesterdal akashukuriwa kwa kusema wazi? Solveig na Ardella walikuwa pale pale kwenye sinki, wakainamisha vichwa kana kwamba sabuni imeanza kuongea. Hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikiwa mmojawapo, kwa sababu kumsemea mtu hapana yake ni kumvua nguo. Anayeuliza ndiye anayepaswa kuuliza tena.

Ungedhani yaliishia hapo. Alimfuata Solveig. Solveig akasema yeye hajui kupikia watu wengi, na Solveig amelisha harusi za nusu ya kata hii. Mchungaji akasema amemwelewa. Akamfuata Ardella, Ardella akasema oveni yake ina matatizo. Akamwelewa. Akanifuata mimi, nikasema hapana kwa sababu kazi ile si yangu, ni ya Verna, nikawa nimejiandaa kwamba akiniuliza tena nitamwelekeza kwa mwenyewe. Hakuniuliza tena. Alizunguka kanisa zima akikusanya hapana za watu, zote za adabu, zote za kwanza, akaziamini zote.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele, uso umejaa huruma, akatangaza kwamba amewasikia akina mama wa Bethania. Mmechoka, alisema. Mmehudumu miaka mingi na mnastahili kupumzika. Kwa hiyo mwaka huu chakula cha Pasaka kitanunuliwa mjini, kila kitu, na hakuna mtu atakayeshika hata kijiko. Akatabasamu. Kanisa zima likakaa wima kama mbao. Mzee Ingvald, ambaye hasikii vizuri, aliuliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa. Halafu tukasimama tukaimba, tena kwa nguvu, na hasira yote ikaingia kwenye wimbo.

Hebu nieleze kwa nini jambo hili lilinichoma zaidi ya kuchoma. Majira ya kuchipua kwetu hayana sura nzuri kama ya kwenye kadi. Ni matope. Theluji iliyobaki imekuwa nyeusi kando ya barabara, mashamba yamejaa maji, viatu vinarundikana mlangoni na harufu ya samadi inaingia ndani ukifungua dirisha, na tunafungua, kwa sababu tumefungiwa tangu Novemba na hata samadi ni habari njema. Lakini kuku wanajua. Mwanga ukiongezeka tu wanaanza kutaga bila kizuizi. Wanataga kwenye viota, wanataga kwenye nyasi kavu, wanataga hadi kwenye kiti cha trekta. Kila nyumba ina mayai yasiyo na pa kuwekwa. Ndiyo maana Pasaka tunakula mayai, siyo kwa sababu ya sungura wa dukani. Mungu mwenyewe anayamwaga wakati ule ule tunapomtangaza Mwanawe kuwa mzima. Na sisi, mayai yametujaa mpaka kwenye masanduku ya kofia, tunakwenda kununua mayai ya mjini yaliyokwisha kupigwa na kufungwa kwenye mifuko ya plastiki, unachemsha mfuko halafu unaukata kwa mkasi. Nikaona hii si adabu tena, ni dhambi.

Nikaamua kumtolea uvivu. Nilimkuta ofisini kwake. Akaniuliza kama nitakunywa kahawa, nikasema hapana. Akajimiminia ya kwake, akanywa mbele yangu. Nikamwambia ndilo hilo hilo lililonileta.

Nilimweleza yote, pole pole, kama ninavyokueleza wewe. Aliweka kikombe chini.

"Hapana ya kwanza ni adabu," nilimwambia. "Ya pili ni kumpa mwenzako mlango wa kutokea, kama alikuuliza kwa kulazimika tu."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu haipo. Ukiisikia ya tatu ujue mtu hataki kweli, na pengine wewe ndiye umemuudhi."

Nilitegemea atanyenyekea. Badala yake akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Alisema amekaa wiki nzima bila kulala, akidhani ameletwa kwenye kanisa la watu waliochoka, au mbaya zaidi, kwamba watu hawajachoka ila yeye ndiye hatakiwi. Aliuliza nyumba baada ya nyumba, na kila mlango ukamwambia hapana. "Kwa hiyo nikiwaamini watu, kosa ni langu?" alisema. "Juu tunasimama tunaungama ukweli mbele za Mungu, tukishuka kunywa kahawa kila mtu anasema asichotaka. Sasa mama Arlys, nikuamini wapi, juu au chini?"

Swali lile lilinikera, kwa sababu lilikuwa zuri. Nikatafuta la kumjibu nikalipata. Nilimwambia aache kutuona watu wa ajabu, kwa sababu hata Bwana, baada ya kufufuka, alimuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Tena asubuhi, ufukweni, baada ya kumpikia samaki. Hakuuliza mara moja akafunga kalenda.

Mchungaji alizungusha kikombe chake. "Ni kweli," alisema. "Lakini Petro alijibu ndiyo mara zote tatu."

Niliondoka pale bila kuaga vizuri. Nilikuwa nimefika garini nikakumbuka kwamba Petro alihuzunika kuulizwa mara ya tatu, nikataka kurudi nimwambie hilo pia, lakini nikaona halinisaidii mimi.

Kesho yake akanipigia simu, akasema amenisikia na anataka kwenda kwa Verna kuuliza vizuri. Nilimchukua kwa gari langu, kwa sababu lake lingezama kabla ya kuvuka daraja. Njia nzima midomo ilikuwa inamcheza, anafanya mazoezi.

Verna alifungua mlango akatukaribisha kahawa. Mimi nikasema hapana, asijisumbue. Mchungaji naye akasema hapana. Nikafurahi, nikasema moyoni kijana ameshika. Verna akakaribisha tena. Mimi nikasema labda, kama imeshachemka. Mchungaji akasema hapana. Verna, birika mkononi, akamgeukia yeye mara ya tatu, na yeye kwa moyo wote, akijiona amefuzu, akasema hapana, asante. Verna akarudisha birika jikoni. Aliliweka juu ya jiko taratibu sana, na ule utaratibu ukaniambia tumekwisha.

Halafu yule mtu wa Mungu akavuta pumzi, akauliza.

"Mama Verna, utatupikia Pasaka?"

"Hapana, Mchungaji. Mmeshapanga."

"Mama Verna, utatupikia Pasaka?" Maneno yale yale, sauti ile ile.

Verna akanitazama mimi, siyo yeye. Alinitazama juu mpaka chini. "Hapana," alisema.

"Mama Verna, utatupikia Pasaka?"

"Hapana."

Hapana ya tatu nilikuwa sijawahi kuisikia kwenye familia yetu. Haikuwa na "aa" mbele wala "vijana" nyuma. Ilikuwa hapana tupu, na Mchungaji, maskini, akanigeukia kama mtu aliyefuata maelekezo yote ya mapishi na keki bado imelala. Nikamwambia akaningoje garini.

"Umeenda kunisemea," alisema Verna mlango ulipofungwa.

"Nimeenda kukusaidia, wifi."

"Umemfundisha kuhesabu. Nani alikwambia mimi nataka kuhesabiwa?"

"Si ungesema ndiyo basi. Neno moja tu. Yakaisha."

"Wewe ungesema?"

Nikatafuta mkoba wangu kwa macho. Akaniuliza tena kama mimi ningesema, nikashika mkoba wangu nikatoka, na hatukuongea mpaka Pasaka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mchungaji, nikawakasirikia wazee wetu waliovuka bahari na iliki mfukoni na kuacha ulimi nyuma. Nilipopita kwake kuacha mchuzi nje ya mlango, sikuona moshi wa jiko, na ile iliki aliyoagiza ilikuwa dirishani, kwenye kifurushi chake, haijafunguliwa.

Asubuhi ya Pasaka kulikuwa na baridi kali na matope yamekuwa magumu kwa barafu. Tulisimama makaburini tukaimba kwamba amefufuka. Kaburi la Harlan lilikuwa bado udongo mtupu, halijaota hata jani. Verna alisimama karibu nalo amevaa koti la Harlan, na aliimba, kwa hiyo sisemi kwamba imani yake ilitikisika. Imani yake haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa letu sisi tulio hai.

Tukashuka ukumbini. Hakukuwa na harufu ya kitu chochote. Mezani kulikuwa na mayai ya mfukoni, ya njano moja kila mahali, na keki za dukani kwenye vifuniko vya plastiki, tamu mpaka meno yanauma. Watu wakajipakulia kidogo kidogo. Ardella alionja, akafuta mdomo, akasema chakula ni tofauti. Solveig akakubali kwamba kwa kweli ni tofauti. Mgeni angedhani wanasifu. Kwetu neno hilo hutumika chakula kikishatemwa moyoni, na lilipita meza kwa meza mpaka likamfikia Mchungaji, ambaye alishukuru.

Akasimama katikati, sahani mkononi. Aliuliza kama kila kitu kiko sawa. Ukumbi mzima ukasema kiko sawa, asante, kiko sawa kabisa.

"Hapana," alisema Verna.

Hakupaza sauti. Alikuwa amekaa mwisho wa meza, koti bado liko mwilini. Vijiko vikasimama. Mchungaji alimwangalia, akaniangalia mimi, nikaangalia keki. Aliuliza kwa woga kama kweli Verna amesema hapana.

"Nimesema hapana. Na ukiuliza tena nitasema hapana, na hiyo itakuwa ya tatu, kwa hiyo ni ya kweli." Akasimama. "Haya mayai yametoka kwenye mfuko. Kuku wangu wanatagia kwenye trekta na nimelishwa mfuko. Nilitaka kupika mimi. Nilitaka tangu mwezi wa pili. Nikasema hapana nikingoja mtu mmoja, hata mmoja tu humu ndani, aseme hawezi kula Pasaka bila mimi. Mlikuwepo. Arlys alikuwepo, Solveig alikuwepo. Mkaosha vikombe."

Nilianza kukusanya makombo ya keki kwa kidole.

"Harlan alikuwa ananiuliza," alisema. "Kila jioni. Verna, unataka twende kutembea kidogo? Hapana. Twende, kuna upepo mzuri. Labda baadaye. Verna, njoo. Kila jioni, mpaka mara ya tatu, hata akiwa amechoka, hata tukiwa tumegombana. Sasa nyumba ile hakuna mtu wa kuniuliza hata mara moja. Halafu ninyi mnaniletea mchuzi mlangoni na kukimbia."

Akakaa. Watu wazima, wenye mashamba na wajukuu, wameinamia sahani za plastiki kama wameitwa majina darasani. Nilitaka kuwafokea wote, na nilishindwa kwa sababu mchuzi ule ulikuwa wangu.

Solveig ndiye aliyeanza. Alikohoa. Alisema, akizungumza na keki, kwamba garini kwake kuna trei ya mayai ya kuoka. Aliitengeneza tu, ikitokea labda ikahitajika.

Ardella akasema naye anayo moja. Oveni ilikuwa imepona.

Mume wa dada yake Ardella akasema kuna mbili kwenye gari lao, chini ya blanketi. Mtu mwingine akataja nyama. Mwingine akataja chapati za viazi. Mimi nilikuwa na trei yangu kwenye kiti cha nyuma, na nikasema hivyo, kwa sababu nisingeweza kuwa wa mwisho. Kila mwanamke aliyekataa alikuwa ameamka kabla ya jogoo, ameoka, amefunika kwa taulo, ameleta kanisani, na ameiacha garini ikipoa, akisubiri kuulizwa. Mchungaji alisikiliza orodha ile mdomo wazi. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika meza, na nilikasirika, kwa sababu halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo, mayai mazuri namna ile yakigandia uwanjani.

Wanaume wakatoka kwenda kuyaleta. Walipoanza kuingia na trei zao Verna alikuwa bado amekaa, na nikaogopa. Yeye peke yake hakuwa na kitu garini. Alisema hapana ya kweli na akaiishi. Trei zikapangwa kwenye dirisha la jiko la kupitishia chakula, baridi, moja juu ya nyingine, na mtu mmoja akawasha oveni kwa nguvu zote.

"Utaziunguza," alisema Verna.

Yule mtu akasema hapana, yuko makini.

"Utaziunguza juu na katikati kutabaki barafu." Akavua koti la Harlan, akalitundika kwenye kiti. Akapita katikati yetu sote, akaingia jikoni, na nikasikia mlango wa oveni ukifungwa kwa namna ninayoijua. Akaanza kutoa amri. Hii chini, hii ifunikwe, nani huyu ametia chumvi namna hii, Ardella, njoo uone aibu yako. Ardella akaenda akaona aibu yake, na alionekana mwenye furaha.

Tulikula karibu na saa ya chakula cha mchana. Hakukuwa na mkate wa iliki, na watu walisema hivyo, kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, mpaka Mzee Ingvald akagonga meza akasema yeye haondoki duniani kabla hajaula tena, kwa hiyo wanaomtakia mema waanze kukanda. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akisema anachotaka. Niliona Verna amegeuzia ukumbi mgongo, anafuta uso kwa aproni, na nikamwacha.

Mchungaji Dominic akaenda kwenye dirisha la jiko na sahani yake tupu.

"Mama Verna," alisema. "Mwakani utatupikia Pasaka?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mimi nilishika kiti. Nikasema moyoni, mwanamke, ukishasema yote yale mbele za watu, sasa sema neno moja tuondoke.

"Aa, hapana, Mchungaji," alisema Verna, bila kuinua macho kwenye sufuria anayoisugua. "Mwakani wapo vijana."

Mchungaji akaweka sahani chini. Akavuta kiti mpaka pale dirishani, akakaa, akakunja mikono ya shati, akamwambia hana haraka.